Kitoto cha kindi jicho limeziba: nisubiri lifunguke lenyewe?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Muheza. Juzi jirani kakata mwembe, wanangu wakaokota vitoto viwili vya kindi kwenye majani, mama yao hatujamuona. Vina manyoya tayari. Kimoja macho yote mawili yako wazi, kingine jicho la kushoto limefunga na limevimba, pembeni kuna kitu cha njano, la kulia linafunguka nusu. Nimesoma intaneti kwamba macho ya kindi hufunguka wiki ya tano, sasa nisubiri? Mama mkwe anasema nimkamulie maziwa yangu maana nanyonyesha, shoga yangu anasema chai ya rangi. Nawapa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, leo siku ya tatu, wameanza kuharisha kidogo. Watoto wameshampa jina, Chongo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada yangu, pole na hongera kwa pamoja, maana wengi wakiokota hivo vitoto vinaishia kwa paka. Kwanza nikujibu kabisa ndo tuongee mengine: usisubiri. Na maziwa ya ng'ombe acha leo hii hii.

Hilo la wiki ya tano naanza nalo kwa sababu ndo limekupotezea siku. Siyo uongo, ila siyo habari ya kindi wako. Karibu kila utakachokikuta intaneti kuhusu kulea vitoto vya kindi kimeandikwa na Wamarekani na Waingereza, na wenzetu wanamzungumzia kindi wao wa kijivu, yule anazaliwa mtupu kabisa, hana nywele hata moja, mwekundu kama kidole cha mtoto mchanga, macho na masikio yamefungwa, na kweli yule macho yanachukua wiki nne hadi tano kufunguka. Huyu wetu wa pwani, mwenye mgongo wa rangi ya giza na tumbo na mkia mwekundu, kwa Muheza mie naweka pesa yangu kwamba ndo huyo, anazaliwa tayari na manyoya yake na macho yanafunguka mapema mno, hayamalizi wiki mbili. Sasa mtu akifuata kalenda ya Marekani anaangalia jicho lililooza anasema bado mdogo, tumpe muda.

Tena we una bahati, shahidi unaye humo humo ndani ya boksi. Ndugu yake! Wamezaliwa siku moja, tumbo moja, mmoja macho yako wazi. Kwa hiyo huyo mwingine jicho lake lilishafika siku ya kufunguka, au lilifunguka likaziba tena, na hilo la kulia linalofunguka nusu linakwambia hivo hivo. Kope zimegandishwa na tongotongo, nyuma yake usaha unajaa. Kadiri unavokaa humo ndo unavokula kioo cha jicho.

Lakini sasa, na hapa naomba unisikilize vizuri maana mimi mwenyewe nilikosea, jicho siyo kitu cha kwanza. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kuletewa kitoto cha kindi hivo hivo, macho yote yameziba, kimeokotwa asubuhi kwenye umande. Nikakaa nacho mezani karibu nusu saa nasafisha, taratibu, pamba baada ya pamba, nikajisifia moyoni. Macho yakawa safi kabisa. Nikaja kushtuka kitoto kimelegea, nakigusa tumbo, baridi kama kokoto la mtoni. Kikafa na macho yake masafi. Toka siku hiyo mimi utaratibu wangu ni joto, halafu maji, halafu ndo jicho, na sijali jicho linatisha kiasi gani.

Joto lenyewe si kazi kubwa. Chukua chupa ya soda ya plastiki, jaza maji ya moto (yasiwe ya kuchemka, chupa itajikunja), ifunge vizuri halafu izungushie kipande cha khanga kuukuu, iweke upande mmoja wa boksi tu, nusu nyingine iache bila kitu ili wakisikia joto wasogee wenyewe. Usitumie taulo lile la nyuzi nyuzi, kucha zinanasa, kidole kinang'oka. Maji yakipoa badilisha, maana chupa iliyopoa inamnyonya joto, ni mbaya kuliko kukosa chupa kabisa. Kupima: ingiza kidole chini ya tumbo lake, ukisikia tumbo ni baridi kuliko kidole chako basi hakuna kulisha, hakuna kunywesha, hakuna kusafisha, ni kupasha tu mpaka achangamke. Mnyama wa baridi tumbo lake limelala, ukimpa kitu kinakaa humo kinachacha.

Akishapata joto, maji. ORS ile ya zahanati, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kama unavomfanyia mtoto anayeharisha, tena iwe ya uvuguvugu. Kwa kuharisha huko pamoja na siku tatu za maziwa ya ng'ombe, wote wawili wamekaukiwa, hata huyo mzima. Mshike ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili uivute kidogo uiachie, ikirudi chap sawa, ikisimama kama hema ujue maji yamekwisha mwilini. Na jicho nalo linasema, lile zima ukiliona limezama ndani, siyo ugonjwa wa jicho, ni ukavu.

Kijiko acha. Nenda duka la dawa kanunue mabomba ya sindano ya ml 1, yale membamba, sindano yenyewe itupe, unataka bomba tu. Kipimo cha mlo mmoja ni kama asilimia 5 ya uzito wake, yaani akiwa na gramu 40 ni ml 2 basi, hata akililia nyingine. Sasa uzito utaupataje, najua mizani ya jikoni wengi hatuna, ya muuza nyanya haisomi gramu. Nenda kwa sonara. Sicheki, wateja wangu kadhaa nimewatuma huko na mizani ya dhahabu inasoma hadi pointi.

Anaponyweshwa mshike kifudifudi au amekaa wima kidogo kichwa kimeinamia mbele, kama anavokaa mwenyewe akila kokwa, siyo chali kama unavomnyonyesha mwanao, hilo ndo kosa la kina mama wote walezi na wala siwalaumu, mkono umeshazoea. Chali maziwa yanaingia kwenye mapafu. Toa tone, ngoja ameze, toa tone. Ikitokea puani simama hapo hapo, mwinamishe kichwa chini, mfute, pumzika. Na ukimaliza mfute uso wote kwa pamba ya maji ya uvuguvugu, hili watu wanalidharau halafu wananiletea "ugonjwa wa macho" kumbe ni maziwa yamegandia kwenye kope siku tatu, inzi wamekuja, basi.

Haya, sasa jicho.

Kuhusu maziwa yako dada, mama mkwe usimjibu vibaya, dawa hiyo hata bibi yangu aliitumia kwetu, na ule mwanzo wa 2024 macho mekundu yalipoenea nchi nzima tuliona watu wanajipaka kila kitu. Ila maziwa ni chakula, na chakula kwenye usaha kinawalisha wadudu wa usaha. Chai ya rangi nayo watu wanaisifia lakini ukiangalia kinachofanya kazi pale ni uvuguvugu wa maji, majani ya chai hayana la ziada, tena wengine wanachota iliyokwisha tiwa sukari. Tumia maji ya chumvi. Duka la dawa wanauza chupa ya dripu, normo salaini, bei yake ndogo, mwambie tu ya kuoshea kidonda. Ukikosa, chemsha nusu lita ya maji, tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, funika, acha ipoe mpaka uvuguvugu wa kugusa kwa kiwiko. Kila siku tengeneza mpya.

Mfunge kwenye kipande cha khanga kama unafunga sambusa, kichwa tu kibaki nje, miguu ya mbele iwe ndani maana ndo itakayokusumbua. Kaa chini sakafuni, akiruka asidondoke mbali. Pamba ichovye, ikamue isichuruzike, halafu ilaze juu ya jicho na usisugue. Ilaze tu. Hesabu dakika tatu, ikipoa chovya nyingine safi uilaze tena. Watu wanashindwa hapa, subira hakuna, wanaanza kukwangua. Kama umetulia utaona yenyewe ile gamba ya njano inabadilika, inakuwa nyeupe nyeupe, laini kama ugali uliolowa, ndo sasa unafuta mara moja toka pembe ya ndani upande wa pua kwenda nje, pamba unatupa. Nyingine. Tena. Inaweza kuchukua pamba kumi. Kila jicho na pamba zake, na huyu mzima usimguse mpaka umenawa kwa sabuni.

Kope zikianza kuachana, kwa kawaida zinaanzia pembe ya ndani, utaona usaha unatoka, mwingine mwepesi, mwingine mzito kama mtindi. Usiogope, hiyo ndo habari njema, ulikuwa unasukuma jicho kwa ndani. Mwagilia maji ya chumvi kwa bomba lako bila nguvu mpaka yatoke masafi. Zisipoachana leo, usivute kwa vidole wala kucha. Nasema tena usivute. Rudia baada ya masaa manne, na kesho asubuhi. Kope za kitoto ni kama karatasi iliyolowa, ukivuta unachana, na kope iliyochanika haifungi tena vizuri, jicho linakauka, na hapo umemtia uchongo kwa mikono yako. Kama baada ya siku moja ya kukanda bado imegoma na uvimbe upo, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo kuifungua, siyo yako.

(Kwa wengine mnaosoma hapa: kama kitoto ni kichanga kweli, macho yote mawili yamefunga, laini, bapa, hayana uvimbe wala uchafu, ni siku yake haijafika, muacheni. Ila mkiona limefunga na limetuna kama kuna punje ya choroko chini ya ngozi, hata kama umri bado, humo ndani kuna usaha na unahitaji kutolewa.)

Baada ya kusafisha ndo dawa. Nenda na hii kichwani, mafuta ya macho ya tetrasaiklini asilimia 1, haya haya wanayopakwa watoto wachanga wakizaliwa hospitali. Kila duka wanayo. Ukikosa, matone ya kloramfenikoli ya macho. Mafuta unaweka kidogo, nusu ya punje ya mchele inatosha, unashusha kope ya chini kidogo unaweka kwa ndani, unafumba na kufumbua mara moja, yaliyobaki nje unafuta kwa sababu atajilamba. Mara tatu mpaka nne kwa siku, siku saba, usiache siku ya tatu kwa kuwa limekuwa zuri.

Na hapa nataka nikukalishe chini kabisa. Dukani utakuta kichupa kingine cha macho, muuzaji atakwambia dada hii ndo kali, inaondoa wekundu siku moja. Soma boksi. Ukikuta neno linaanza na DEXA, au BETA, au PRED, au HYDRO, rudisha. Hizo zina steroidi ndani. Zinaondoa wekundu kweli, jicho linapendeza, mwenye mnyama anafurahi, lakini kama kioo cha jicho kina mkwaruzo au kidonda, na kitoto kilichodondoka toka juu ya mwembe pamoja na matawi ni vigumu kisiwe nacho, steroidi inazuia kidonda kisifunge na wadudu wanakula kioo mpaka kinatoboka. Nimeona jicho lililotobolewa hivo kwa siku nne tu, na aliyetoa dawa hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajua macho ya watu wa mzio basi.

Kidonda cha kioo chenyewe kwa macho tu mara nyingi hukioni. Kuna karatasi ndogo yenye rangi ya chungwa, ukigusisha na tone la maji inapaka jicho, penye mkwaruzo panang'aa kijani chini ya taa ya bluu. Daktari wa mifugo wa wilaya anaweza asiwe nayo, ila kitengo cha macho cha hospitali ya binadamu wanayo, na kama una nesi unayemfahamu pale muombe kipande kimoja mpelekee daktari wako. Nimefanya sana.

Kuna mambo ambayo ukiyaona usikae na mimi kwenye maandishi, nenda. Jicho limetokeza nje ya tundu lake. Kioo kimekuwa cheupe au bluu kama maji ya sabuni. Damu imetuama ndani ya jicho. Macho yanacheza cheza yenyewe kushoto kulia, au kichwa kimekaa upande, au mboni moja kubwa moja ndogo, hapo tatizo siyo jicho, ni ubongo umetikisika alipodondoka, na huyo anataka giza na utulivu na daktari. Na kama paka alishamgusa hata kwa jino moja, hata kama huoni jeraha, anahitaji antibayotiki ya mwili mzima siku hiyo hiyo maana mate ya paka yanaua vitoto hivi haraka. Usimkadirie mwenyewe ile amoksilini ya mtoto wako kwa kifuniko cha chupa, na panadol usimpe kabisa.

Angalia pia siafu na inzi. Kitoto kikikaa chini ya mti usiku, vitu vya kwanza kuliwa ni pembe za macho, mdomo na sehemu za siri. Chunguza kwa tochi ya simu, ukiona vitu vyeupe vidogo kama punje za mchele vimegandia kwenye manyoya karibu na jicho, ni mayai ya inzi, yatoe yote kwa mswaki laini mkavu kabla hayajawa funza, hayangoji kesho hayo. Boksi lenu liwekeni juu ya stuli na miguu ya stuli ikae kwenye makopo ya maji.

Maziwa sasa. Ya ng'ombe yana sukari ya maziwa nyingi na mafuta kidogo kwa mnyama huyu, ndo unaona kuharisha. Leo mpe ORS tu kila baada ya saa mbili tatu, kesho uanze kuchanganya maziwa robo na ORS robo tatu, keshokutwa nusu kwa nusu, mpaka yawe maziwa matupu siku ya nne. Maziwa gani? Yanayofaa ni ya unga ya watoto wa mbwa, yanapatikana maduka makubwa ya dawa za mifugo Dar, Arusha, Nairobi, mtu akupandishie kwenye basi. Wakati unasubiri tumia ya mbuzi yaliyochemshwa, siku moja mbili, ni daraja tu hayo siyo nyumba. Maziwa yako wewe muachie mwanao, ni matamu lakini protini yake kwa kindi ni maji. Kwa umri wa macho kufunguka kila saa tatu mpaka nne inatosha, na usiku mara moja. Kabla na baada ya kulisha mpapase chini ya mkia kwa pamba ya uvuguvugu mpaka akojoe, mama yao hufanya hivo kwa ulimi. Asipokojoa tumbo linavimba na watu wanadhani ameshiba.

Jambo dogo lakini linahusu macho: vitoto vyenye njaa vinanyonyana, sehemu za siri, masikio, hata kope. Ukiona mmoja ana upara kuzunguka jicho na mwenzie mdomo umelowa, watenganishe kwa kitambaa katikati ya boksi.

Umeniuliza nifanyeje na hujaniuliza kama ataona, lakini najua ndo unachotaka kujua. Watoto wameshamwita Chongo, na ukipenda chongo huita kengeza, kwa hiyo msipime kwa mapenzi, mpimeni hivi. Siku jicho likishakuwa wazi na halitoi uchafu, muweke penye mwanga wa kawaida, fumba lile la kulia kwa kidole polepole, halafu dondosha kipande cha pamba kavu kutoka juu mbele ya jicho la kushoto. Pamba kwa sababu haina sauti wala haitoi upepo, ukitumia mkono atasikia upepo ukadhani ameona. Kichwa kikifuata pamba, anaona. Jaribu mara tatu nne, vitoto vinachoka. Tazama na mboni kwa tochi, ikiwa nyeupe katikati hiyo ni mtoto wa jicho, watoto wa mbwa wanaolelewa kwa maziwa yasiyo kamili hupata, na hiyo mafuta ya tetrasaiklini haiitibu.

Akibaki na jicho moja si mwisho. Kindi macho yake yako pembeni ya kichwa, jicho moja linampa karibu nusu ya dunia, na wapo wenye jicho moja wanaorudishwa porini wakaishi, wanajifunza kuzungusha kichwa kabla ya kuruka. Kipofu wa macho yote huyo hawezi, kipanga atampata siku ya kwanza. Na kama jicho la kushoto limeshakufa, limesinyaa au linavuja kila wiki, bora daktari alitoe kabisa, jicho bovu linaloachwa ni maumivu ya kila siku.

Mama yao. Hadithi ya kwamba ukigusa kitoto mama anakikataa kwa harufu ya mtu haina ukweli kwa kindi. Wangewekwa kwenye kapu juu ya mti wa jirani siku ile ile, mchana, na chupa ya joto, yaelekea mama angewabeba mmoja mmoja kwa mdomo, huwa ana kiota kingine. Siku ya tatu nafasi imepungua lakini haijafa. Huyu mzima, akiacha kuharisha kesho, mpandishe keshokutwa asubuhi kwenye mti wowote mkubwa uliobaki karibu na kisiki, kapu lifungwe vizuri, kaeni mbali, watoto na mbwa ndani, mkiangalia. Jua likikaribia kuzama mama hajaja, mshusheni, yeye anatembea mchana tu. Chongo asipande, mama atamchukua lakini tetrasaiklini hatampaka.

Mwisho kuna sheria, na simaanishi kukutisha. Kindi ni mnyamapori, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali, Kenya nao wana yao ya 2013. Sidhani kama kuna atakayekukamata kwa kumpa ORS yatima, lakini mtaarifu afisa wanyamapori wa wilaya mapema, ili baadaye mkimrudisha porini mfanye nae, wakati huo awe anakula mwenyewe matunda, mbegu, maua, wadudu kidogo, karanga zisiwe ndo chakula kikuu maana madini ya mifupa hazina ya kutosha. Awe pia anawaogopa, na hilo litawauma watoto. Mtu mmoja tu amlishe, wewe, na wao kazi yao iwe kubadilisha chupa ya joto. Aking'ata mtu, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha zahanati.

Usiku huu fanya joto na ORS na ule mkando wa kwanza, kesho asubuhi mkando wa pili halafu mpeleke kwa daktari wa mifugo na huyu mzima kwenye boksi moja, wakiachana wanapiga kelele njia nzima na kupoteza joto. Nitumie picha ya jicho likishasafishwa, kwa mwanga wa dirishani siyo flashi, pamoja na uzito. Na kwa sonara mwambieni kabisa kilichomo kwenye kikopo kabla hajafungua.